Baba anakatwa utumbo mwezi ujao: bakteria wa tumboni wana nguvu kiasi gani?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 64, tunaishi Tanga. Ameonekana na uvimbe kwenye utumbo mpana, upande wa kushoto, na amepangiwa upasuaji baada ya wiki nne hivi. Kaka yangu aliyeko Muscat amesoma kwamba bakteria wa tumboni ndio wanaoamua kama mshono wa utumbo utapona au utavuja, akatuma makopo mawili ya vidonge vya probiotiki. Mama mdogo naye ameanza kumpa baba sanamaki kila jioni ili afike hospitali tumbo likiwa safi. Muuzaji wa duka la dawa ametushauri tuanze antibiotiki mapema. Je, habari hii ya bakteria ni ya kweli? Tufuate lipi kati ya haya? Na baada ya upasuaji, baba arudi lini kwenye chakula chake cha kawaida?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza.

Kabla sijafika kwenye bakteria, kuna jambo lisiloweza kusubiri: sanamaki isitumike tena. Uvimbe wa upande wa kushoto wa utumbo mpana mara nyingi huuzunguka ukuta na kuibana njia, na kinyesi kikifika upande huo kimeshakauka na kuwa kigumu. Sanamaki haiusuuzi utumbo, inauchokoza ujikamue. Utumbo ukijikamua kwa nguvu mbele ya njia iliyobana, mgonjwa anaweza kupata msokoto mkali, tumbo likajaa, njia ikaziba kabisa, na mara chache ukuta ukatoboka. Hapo upasuaji uliopangwa kwa utulivu unageuka kuwa wa dharura, kwa mgonjwa aliyepungukiwa maji na chumvi mwilini, na uwezekano wa kuamka akiwa na utumbo uliotolewa nje ya tumbo na mfuko wa kupokea haja unakuwa mkubwa zaidi. Mweleze mama mdogo kwa upole. Nia yake ni njema, na kusafisha utumbo kabla ya upasuaji ni jambo ambalo hata hospitali hulifanya. Ila hulifanya kwa dawa nyingine, kwa muda mfupi, mgonjwa akiwa anaangaliwa.

Na kama hivi sasa mzee hapitishi upepo wala choo, anatapika, au tumbo limevimba na linauma kwa vipindi, msingoje tarehe. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Antibiotiki za duka la dawa nazo msianze. Sababu yake nitaifikia, kwa kuwa imo ndani ya swali lako kubwa.

Sasa bakteria. Habari aliyoisoma kaka yako ina msingi wa kweli, na mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba eneo hili la utafiti litabadilisha namna tunavyowaandaa wagonjwa. Lakini kusema bakteria "ndio wanaoamua" ni kuvuka mpaka.

Daktari anapokata kipande chenye uvimbe hubaki na ncha mbili za utumbo, ambazo huziunganisha kwa nyuzi au kwa mashine ya pini. Nyuzi na pini hushikilia tu. Kinachounga hasa ni kolajeni, protini inayoupa ukuta wa utumbo uimara wake, na katika siku za kwanza mwili huivunja kolajeni ya zamani kwenye kingo za jeraha kabla haujajenga mpya ya kutosha. Ndiyo maana mshono huwa dhaifu zaidi siku chache baada ya upasuaji, wakati ambapo mgonjwa mwenyewe ameanza kujisikia nafuu. Ukiachia, kinyesi humwagika ndani ya tumbo, na hakuna tatizo ambalo wapasuaji wa utumbo wanaliogopa kuliko hilo.

Tulifundishwa, na ni kweli hadi leo, kwamba mshono hupona ukifikiwa na damu ya kutosha, usipovutwa, na ukishonwa na mkono wenye ujuzi. Sigara, utapiamlo, dawa za steroidi na uvimbe ulioko chini sana karibu na njia ya haja kubwa huongeza hatari. Lakini kila mpasuaji mzoefu anamjua mgonjwa ambaye yote hayo yalikuwa sawa, mshono ukajaribiwa kwa hewa ukashika, na siku ya sita ukavuja. Swali la kwa nini limekaa nasi muda mrefu. Katika miaka ya 1950 mpasuaji wa New Orleans, Isidore Cohn, aliunganisha utumbo mpana wa mbwa kisha akaukatia damu makusudi, hali ambayo kwa kawaida huoza mshono. Mbwa waliowekewa antibiotiki ndani ya utumbo wenyewe, pale pale kwenye kiungo, walilindwa. Kumbe ukosefu wa damu peke yake haukutosha kuuharibu mshono. Bakteria walikuwa na sehemu yao.

Ugunduzi huo ulilala kwa miongo kadhaa. Mwaka 2015 timu ya Chuo Kikuu cha Chicago, Benjamin Shogan na John Alverdy wakiwamo, ilichapisha utafiti uliofanywa kwa panya ambao uliuamsha upya. Waliikagua mishono iliyovuja wakamkuta bakteria aitwaye Enterococcus faecalis, mkazi wa kawaida wa matumbo ya watu wengi ambaye siku zote hana neno. Baada ya upasuaji, baadhi ya aina zake hutoa kimeng'enya kinachokula kolajeni, na zaidi ya hapo hukiamsha kimeng'enya cha mwili wenyewe, MMP9, nacho kikaanza kula kolajeni hiyo hiyo. Watafiti walipoweka antibiotiki moja kwa moja juu ya mshono, au walipokizuia kile kimeng'enya cha mwili, mishono haikuvuja. Dawa ya kawaida ya kupitisha kwenye mshipa haikumwondoa bakteria yule. Wakatazama na wagonjwa wa kweli waliokuwa wakifanyiwa upasuaji wa utumbo wakiwa wamepewa dawa ya mshipa kama kanuni zinavyotaka: kwenye tishu za mishono yao bakteria wa namna hiyo walikuwa bado wapo.

Anayejua famasia hatashangaa. Sefalosporini, jamii ya antibiotiki tunayoitumia zaidi katika chumba cha upasuaji, haziui Enterococcus kwa asili yake. Zinaua majirani zake, naye anabaki na nafasi.

Mwaka 2023 watafiti wa Montréal, Kanada, walikwenda hatua nyingine. Walichukua kinyesi cha wagonjwa wa kansa ya utumbo kabla hawajapasuliwa, baadhi yao wakiwa wale ambao mishono yao ilikuja kuvuja na wengine wakiwa waliopona vizuri, wakakipandikiza kwa panya, kisha wakawafanyia panya hao upasuaji. Waliopata bakteria wa wagonjwa waliovuja walipona vibaya zaidi. Timu hiyo ilimtambua hata bakteria mmoja aliyedhoofisha uponaji, Alistipes onderdonkii, na mwingine aliyeusaidia, Parabacteroides goldsteinii. Mimi nauona huu kuwa ushahidi mzito, kwa sababu unaonyesha kwamba sehemu ya hatari ilikuwamo tumboni mwa mgonjwa kabla kisu hakijamgusa. Hata hivyo, waliopasuliwa katika jaribio hilo walikuwa panya. Hakuna hospitali duniani inayopima kinyesi cha mgonjwa leo na kumwambia mshono wake utashika au hautashika, na anayekuuzia kipimo cha namna hiyo anakuuzia ahadi.

Kwa binadamu, ushahidi tulio nao umetokana hasa na jambo moja: antibiotiki za kumeza, siku moja kabla ya upasuaji. Mwaka 1973 Ronald Nichols na Robert Condon, wapasuaji wa Marekani, pamoja na wenzao walieleza mpango wa kusafisha utumbo kisha kumpa mgonjwa neomaisini na erithromaisini kwa mdomo siku hiyo ya kabla, dozi tatu tu. Maambukizi ya vidonda yalipungua na mpango ukaenea. Kisha ulikuja wakati, hasa Ulaya, tafiti zikaonyesha kwamba kumharisha mgonjwa peke yake hakumsaidii, na wengi walipoacha kuharisha wakaacha na vidonge. Naona hapo tulitupa kitu chenye manufaa pamoja na kisicho na manufaa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016 wa kuzuia maambukizi ya vidonda vya upasuaji, lilisema waziwazi: kwa mtu mzima anayepasuliwa utumbo mpana kwa mpango, kusafisha utumbo peke yake kusifanyike, kukifanyika, kuambatane na antibiotiki za kumeza.

Baada ya hapo matokeo yamekuwa na sura tofauti, nami sitakuficha. Wafini, yaani watafiti wa Finland, waliochapisha mwaka 2019 waliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa karibu 400 wa utumbo mpana: nusu walisafishwa na kupewa vidonge, nusu hawakuandaliwa kwa lolote. Maambukizi yalikuwa asilimia 7 kwa kundi la kwanza na 11 kwa la pili, tofauti ambayo kitakwimu ingeweza kutokea kwa bahati tu, na kuvuja kulikuwa asilimia 4 pande zote mbili. Mwaka uliofuata, Wahispania waliwapa wagonjwa siprofloksasini na metronidazoli za kumeza siku ya kabla bila kuwaharisha, na maambukizi yakashuka kutoka asilimia 11 hadi 5. Kisha mwaka 2024 wale wale Wafini wakaja na utafiti wa upasuaji wa puru, sehemu ya mwisho kabisa ya utumbo mpana, ambako mishono huvuja zaidi. Safari hii wagonjwa wote walisafishwa, lakini nusu walipewa vidonge vya kweli na nusu vidonge visivyo na dawa. Waliopata dawa walikuwa na maambukizi pungufu kwa karibu nusu, na kuvuja kulipungua vilevile kwa zaidi ya nusu.

Ninavyoisoma picha hiyo, vidonge vya siku ya kabla vina faida, na faida huonekana zaidi pale hatari inapokuwa kubwa. Kwa mzee wako mwenye uvimbe upande wa kushoto, nisingeona vibaya umuulize daktari wake: "Je, baba ataandaliwa utumbo, na ataandaliwa kwa vidonge pia?" Kama njia imebana sana, anaweza kuwa na sababu nzuri ya kukataa kumharisha. Mwachie yeye uamuzi, lakini uliza.

Turudi kwa muuzaji wa duka la dawa. Unaweza kujiuliza: kama vidonge vya siku moja vinafaa, vya wiki nne si vitafaa zaidi? Hapana, vitadhuru. Vidonge vya siku moja huwapunguza bakteria saa chache kabla ya kisu, na wanaosalia hawapati muda wa kujijenga. Ukianza wiki nne kabla, unawaua wale dhaifu wenye manufaa na kuwaachia uwanja wale sugu, kisha mzee anaingia chumba cha upasuaji akiwa na tumbo lililojaa hao sugu. Mwaka 2018 ilichapishwa kazi iliyofanywa Denmark kwa wanaume 12 wenye afya waliopewa antibiotiki kali kwa siku 4 tu. Bakteria wao walirejea karibu na hali ya awali baada ya mwezi mmoja na nusu, lakini aina 9 ambazo kila mmoja wao alikuwa nazo mwanzoni zilikuwa bado hazionekani kwa wengi wao baada ya siku 180. Hao walikuwa vijana wazima. Kwa mzee mgonjwa kuna pia hatari ya Clostridioides difficile, bakteria anayeleta kuharisha kubaya baada ya antibiotiki kufyeka wenzake.

Makopo ya kaka yako sasa. Probiotiki ni bakteria hai, au hamira, wanaomezwa kwa matumaini kwamba watausaidia utumbo. Zipo tafiti zinazovutia. Huko Ugiriki, mwaka 2015, wagonjwa 164 wa upasuaji wa utumbo mpana waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja lilipewa mchanganyiko wa aina tatu za bakteria na hamira moja, kuanzia siku moja kabla ya upasuaji na kuendelea kwa takriban wiki mbili, kundi la pili lilipewa vidonge visivyo na kitu. Mshono ulivuja kwa mgonjwa 1 kati ya 84 waliopata probiotiki, na kwa 7 kati ya 80 wasiopata. Nimonia na maambukizi ya vidonda yalipungua pia, na utafiti ukasimamishwa mapema kwa sababu tofauti ilikuwa kubwa. Mtu akisoma hapo akaishia hapo, atakimbilia duka la dawa, nami namwelewa kaka yako kabisa. Ila utafiti uliosimamishwa mapema huwa na tabia ya kuikuza faida, na namba 1 na 7 ni ndogo. Wagonjwa wawili watatu wakihama upande, hadithi inabadilika. Tafiti nyingine zilizofuata zilitumia bakteria tofauti, kwa vipimo tofauti, na hazijaafikiana.

Na upo utafiti ambao haupaswi kusahauliwa na yeyote anayependekeza probiotiki kwa mgonjwa mahututi. Uholanzi, mwaka 2008, wagonjwa wenye uvimbe mkali wa kongosho walipewa mchanganyiko wa bakteria sita kupitia mpira wa chakula. Kila mtu alitarajia wema. Walikufa asilimia 16 ya waliopewa, dhidi ya asilimia 6 ya wasiopewa, na wagonjwa 9 wa kundi la probiotiki walipata tatizo la utumbo kukosa damu, tatizo ambalo halikumpata hata mmoja wa kundi la pili. Ule ulikuwa ugonjwa mwingine, na baba yako hana kongosho lililovimba. Lakini ulitufundisha kwamba bakteria hai ni dawa yenye nguvu ya kudhuru pia, hata kama kopo limeandikwa "asilia".

Kwa hiyo ushauri wangu: msimpe bila daktari wake kujua. Chukueni makopo hayo, mpige picha majina ya bakteria na idadi iliyoandikwa, mkamwonyeshe kliniki. Asipoyataka, hamjapoteza kitu cha lazima. Akikubali, muulizeni aanze lini na aache lini. Jingine: aina nyingi za bakteria hao hazistahimili joto, na kopo lililosafiri kutoka Muscat kisha likakaa kabatini Tanga linaweza kuwa na bakteria wachache sana walio hai. Lililo baya zaidi ni kuyatumia kwa siri hadi wodini. Mgonjwa aliyepungukiwa kinga au mwenye mpira kwenye mshipa mkubwa wa damu anaweza kupata maambukizi ya damu kutokana na bakteria au hamira hizo hizo, na daktari asipojua atazitafuta kwingine.

Kama kuna kitu cha nyumbani chenye maana, ni chakula, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu Afrika Mashariki ina historia ndani yake. Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi Uganda kuanzia 1946 hadi 1966, miaka mingi akiwa Mulago, Kampala. Yeye na daktari Hubert Trowell, aliyekuwa pia Uganda, waliona kwamba magonjwa ya utumbo mpana yaliyojaa katika wodi za Uingereza yalikuwa adimu kwa watu waliokula nafaka zisizokobolewa, mizizi na mikunde. Wakaipigania hoja ya nyuzinyuzi dunia nzima. Leo tunaijua njia mojawapo: bakteria wa utumbo mpana huchachusha nyuzinyuzi na kutoa asidi fupi za mafuta, hasa butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo huo. Bakteria wasipoletewa nyuzinyuzi hugeukia ute unaoulinda ukuta. Timu ya Chicago ilionyesha kwa panya kwamba lishe yenye mafuta mengi na nyuzinyuzi chache hudhoofisha uponaji wa mshono, na kuibadilisha kabla ya upasuaji husaidia.

Na mwaka 2025 ulichapishwa utafiti uliofanywa Kilimanjaro na watafiti wa KCMC, Moshi, wakishirikiana na wenzao wa Nijmegen, Uholanzi. Wanaume 77 wenye afya walishiriki. Waliozoea chakula cha asili cha kijijini walihamishiwa chakula cha kimagharibi kwa wiki mbili, waliozoea cha kimagharibi wakahamishiwa cha asili, na kundi la tatu likanywa mbege, pombe ya ndizi, kwa wiki moja. Waliohamia chakula cha kimagharibi waliongezeka viashiria vya uchochezi kwenye damu. Upande wa chakula cha asili na mbege vilipungua, na baadhi ya mabadiliko yalikuwapo hata wiki nne baadaye. Hakuna aliyepasuliwa utumbo kule, kwa hiyo siutumii kama ushahidi wa mshono, wala simpi baba yako mbege kabla ya upasuaji. Lakini unaniambia kwamba wiki mbili za chakula zinatosha kuugusa mwili, na nyinyi mna nne.

Je, aanze kula kunde na kisamvu kwa wingi? Inategemea jibu la swali moja ambalo naomba umuulize daktari kabla ya kupika chochote: wakati wa kolonoskopia, kamera ilipita uvimbe au ilikwama? Kama ilikwama, njia ni nyembamba na nyuzinyuzi nyingi zinaweza kuiziba. Hapo mzee ale laini: uji, samaki, mayai, supu, viazi vilivyopondwa, mtindi wa maziwa yaliyochemshwa, mlo mdogo mara nyingi. Kama ilipita na choo kinatoka vizuri, ale chakula kamili cha nyumbani, dona au ugali wa ulezi, kunde, choroko, mchicha, matembele, matunda, akiongeza taratibu. Vyovyote iwavyo, protini isikosekane, maana kolajeni hujengwa kwa protini. Kama amepungua uzito sana, mseme mapema; wakati mwingine daktari huahirisha kidogo ili amlishe kwanza, na hilo si uzembe. Soda na vyakula vya kukaanga viwekwe kando. Sigara iachwe leo, maana wiki nne bila moshi zina maana kubwa kuliko kopo lolote. Sukari na wingi wa damu vipimwe sasa, pakiwa bado na muda wa kurekebisha.

Yaliyobaki yanafanyika hospitalini, na kwetu ndiko uzito mkubwa uliko. Utafiti mkubwa wa mwaka 2018 uliochunguza wagonjwa 11,422 katika nchi 25 za Afrika ulikuta kwamba maambukizi ndiyo tatizo lililoongoza baada ya upasuaji. Wagonjwa hao kwa wastani walikuwa na umri mdogo na hatari ndogo, na bado vifo vilikuwa mara mbili ya wastani wa dunia. Mengi ya kuzuia maambukizi ni ya bei ndogo. Utafiti wa ChEETAh, uliofanyika katika nchi saba, Rwanda ikiwamo, ulionyesha mwaka 2022 kwamba timu ikibadili glavu na vyombo kabla tu ya kufunga tumbo, maambukizi ya kidonda hushuka kutoka asilimia 18.9 hadi 16.0. Kule Thika, Kenya, hospitali ilipoamua kwamba antibiotiki itolewe kabla ya kukata badala ya kurundikwa siku nyingi baada ya kushona, utoaji wa kabla ulipanda kutoka chini ya asilimia 2 hadi 98 ndani ya wiki sita, na maambukizi hayakuongezeka, yalipungua. Basi mkiona baba ameachishwa antibiotiki mapema baada ya upasuaji, msidhani ametelekezwa, wala msikimbilie kumnunulia nyingine nje. Usiku wa kabla na asubuhi yake aoge kwa sabuni, tumbo lote hadi kitovuni, na msimnyoe kwa wembe nyumbani. Seattle, mwaka 2024, watafiti walipowafuatilia wagonjwa zaidi ya 200 wa upasuaji wa uti wa mgongo, waliona kwamba asilimia 86 ya maambukizi yaliyotokea yalitokana na bakteria ambao mgonjwa alikuja nao mwenyewe.

Baada ya upasuaji, mtu wa kumwangalia awe makini zaidi kuanzia siku ya tatu hadi wiki ya pili. Homa, mapigo ya moyo kwenda mbio, kuhema haraka, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, tumbo kuvimba tena, au mgonjwa kuchanganyikiwa ghafla: lolote kati ya hayo aambiwe nesi saa hiyo hiyo, na kama mmesharudi nyumbani, arudishwe hospitali usiku huo huo. Mshono unaovuja ukigunduliwa mapema hutibika.

Kuhusu chakula chake, zamani tulimnyima mgonjwa hadi apitishe upepo. Sasa, kama daktari hajaona sababu ya kuzuia, wagonjwa wengi wa namna yake huanza vinywaji na chakula laini siku inayofuata au hata siku ile ile, na huinuliwa kitandani mapema, kwa sababu utumbo unaolishwa na mwili unaotembea huamka upesi. Baadhi ya wodi humpa hata bigijii atafune. Faida yake ni ndogo lakini haina madhara. Nyumbani, kwa wiki mbili tatu za kwanza, mpeni vilaini na vidogo. Kisha rudisheni mboga zilizopikwa zikaiva, halafu choroko, halafu kunde na maharage, kimoja kimoja, mkiangalia tumbo linavyopokea. Wengi wanakuwa wamerudi kwenye sahani yao ya kawaida kufikia wiki ya sita. Akianzishiwa dawa za kansa, ratiba hiyo inaweza kubadilika, na hapo wauguzi wa kliniki ya kansa ndio watakaowaongoza.